Saa Ngapi Ilianza?

Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli mstaafu, akiishi Chumbageni, na kila siku baada ya swala ya alfajiri alikuwa anakaa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Asubuhi moja, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kikombe kilimponyoka. Alijaribu kusema kitu, yakatoka maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala lugha nyingine yoyote. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Tukakimbilia pale wote, na swali la kwanza kutolewa, na aliyelitoa ni bibi, mama yake mzazi, lilikuwa hili: "Nani kamfanya hivi mwanangu?"

Swali hilo lilituchukua siku mbili. Alitafutwa mtu wa kusoma dua, likaletwa kombe, akanyweshwa. Nusu ya lile kombe lilimpalia akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi, na sisi tukasema hiyo ni dalili kwamba kilicho ndani yake kinakataa kutoka. Siku ya tatu ndipo alipopelekwa hospitali. Daktari, kijana tu, alimtazama mjomba, akatutazama sisi, akauliza: "Saa ngapi ilianza?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa na majina matatu ya watu tuliowashuku, lakini hatukuwa na saa.

Nimeibeba asubuhi ile miaka yote hii, na hivi karibuni nilianza kusoma historia ya ugonjwa wenyewe ili nielewe kwa nini nyumba nzima ya watu wazima, wenye akili zao, waliuliza swali lile na si hili. Nilidhani nitakuta historia ya madaktari peke yao. Nimekuta pia historia ya maneno, na kwa sababu sisi humu ni watu wa maneno, nianzie hapo.

Kiswahili kina majina kadhaa ya jambo hili. Kuna kupooza, neno ambalo linatumika pia kwa chakula au maji yaliyopoteza moto wake. Kuna upepo, au upepo mbaya, ambalo pwani yetu linafunika magonjwa mengi yanayokuja ghafla. Na kuna kiharusi, ambalo sikio lolote linasikia harusi ndani yake, ingawa hakuna ngoma. Mtu "anapigwa" na kiharusi. Na hapo hatuko peke yetu. Wagiriki wa zama za Hippocrates, yapata miaka 2,400 iliyopita, waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kupigwa ukaanguka. Waingereza wanauita pigo. Wajerumani, waliojenga reli iliyomleta baba yake mjomba Tanga, nao wanauita pigo. Waarabu wana neno faliji, lenye mzizi wa kupasua kitu nusu kwa nusu, na Ibn Sina aliuandika ugonjwa huo kwenye kitabu chake cha Qanun, alichokikamilisha mwaka 1025.

Sasa angalia neno pigo linavyofanya kazi. Ukiambiwa fulani kapigwa, swali linalofuata linakuja lenyewe, huhitaji kufikiri: nani kampiga? Bibi hakuwa mjinga. Alifuata sarufi ya lugha yake mpaka mwisho.

Jibu la kwamba hakuna aliyempiga, kwamba kilichotokea kimetokea ndani ya kichwa, lilichukua karne nyingi hata huko Ulaya. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapisha kitabu baada ya kufungua vichwa vya watu waliokufa kwa ugonjwa huu, akaonyesha kwamba damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo. Leo tunajua njia ni mbili. Ama mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unazibwa na bonge la damu, na hiyo ndiyo inayotokea zaidi, ama mshipa unapasuka na damu inavuja. Kwa njia zote mbili, kuna sehemu ya ubongo inayokosa damu na kuanza kufa. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu: katika kiharusi cha kuziba mshipa mkubwa, kila dakika inayopita bila matibabu inaondoka na seli za ubongo milioni 1.9. Ndiyo maana yule daktari kijana aliuliza saa.

Lakini tusiwacheke wazee wetu haraka, maana madaktari wenyewe waliowahi kuja kwetu walikuwa na hadithi yao ya kuwapotosha.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet la London kuhusu Waafrika 1,000 aliowapima msukumo wa damu huko Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Alikuta kwamba presha yao haipandi na umri kama ilivyo kwa Wazungu. Akaongeza kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa muda wa miaka miwili, hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Vipimo vyake sina sababu ya kuvitilia shaka. Tatizo ni kilichofanywa navyo. Ilijengeka imani kwamba presha ni ugonjwa wa ustaarabu, wa watu wa ofisini na wenye mawazo mengi, na kwamba Mwafrika kaumbwa vingine. Hadithi ya aina hiyo ina madhara yake: usichotegemea kukiona hukipimi, na usichokipima hakipo.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye, watafiti wakiongozwa na Neil Poulter walirudi upande uleule wa Kenya. Safari hii waliwafuata vijana wa Kijaluo waliokuwa wanahama vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Ndani ya muda mfupi tu wa kufika mjini, presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi na vyakula vya potasiamu, yaani kama matunda na mboga, vichache zaidi. Damu ni ileile, kabila ni lilelile, hata vijiji ni vilevile. Kilichobadilika ni mahali na sahani.

Niliposoma hayo nikaufikiria mji wetu. Tanga yote ni watu waliohama. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa kuelekea Usambara. Mwaka huohuo miche 62 ya mkonge, ndiyo pekee iliyopona safari kutoka Florida, ilipandwa na Richard Hindorf karibu na Pangani. Reli na mkonge vikaita watu kutoka kila upande, wakaacha mashamba yao na mihogo yao, wakaja kula posho. Babu yangu mmoja alikuja hivyo. Ukikaa mjini chakula chako kinatoka dukani, na cha dukani kinahifadhiwa kwa chumvi. Ng'onda ambaye tunamsifia kwa wali wa nazi ni samaki aliyelazwa kwenye chumvi mpaka ikamwingia mifupani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi yote, ya mezani na iliyojificha ndani ya chakula. Mjomba kipande kimoja cha papa kilikuwa kinammalizia hesabu.

Kwa upande wetu wa Tanzania hesabu za kweli zilianza kupatikana miaka ya 1990. Kulikuwa na mradi wa Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle, uliofuatilia vifo katika maeneo matatu: sehemu za jiji la Dar es Salaam, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na Morogoro vijijini. Watu wengi walikuwa wanafia nyumbani bila cheti cha daktari, kwa hiyo watafiti walikwenda kukaa na wafiwa na kuwauliza: aliumwaje, ilianzaje, upande gani ulikufa kwanza. Nawaza mikeka ile, na wale watu waliokuwa wanasimulia kwa utaratibu jambo ambalo msibani lilisimuliwa vingine.

Mwaka 2000 Richard Walker na wenzake wakachapisha matokeo. Kati ya vifo 7,629 vya watu wazima, 421 vilitokana na kiharusi. Na hapa ndipo nilipoiweka karatasi chini kwanza. Kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, Dar es Salaam ilikuwa inapoteza kwa kiharusi wanaume 65 na wanawake 88 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Uingereza na Wales, mwaka 1993, viwango vilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Ugonjwa ambao Waafrika "hawaumwi" ulikuwa unawaua wenye umri wa kufanya kazi mara kadhaa kuliko kule ulikodaiwa kuwa kwao.

Wakaendelea. Kuanzia 2003 hadi 2006 walihesabu kila kiharusi kipya katika Hai na Dar es Salaam, si vifo tu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilipata wagonjwa wapya 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 315.9. Mjini ni karibu mara tatu ya kijijini.

Halafu kuna kazi ya Gerry Mshana na wenzake, ya mwaka 2008, ambayo kwangu ndiyo iliyogusa nyumbani. Wao waliwauliza watu: kiharusi kinaletwa na nini? Ungetegemea watu wa jijini waseme presha, na watu wa vijijini waseme mashetani. Kumbe ilikuwa kinyume. Hai walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo. Dar es Salaam walitaja zaidi mashetani na uchawi. Na mtu huenda kutibiwa kule anakoamini ugonjwa umetoka. Yaani penye ugonjwa zaidi, na penye hospitali zaidi, ndipo swali la "nani" lilipokuwa na nguvu zaidi. Ukiijua pwani hushangai. Sisi tuna majina ya majini, tuna siku zao na manukato yao. Tumerithi utajiri mkubwa wa kueleza mambo, na utajiri huo asubuhi ile ulitugharimu siku mbili.

Sisemi dua iachwe. Mtu anaweza kusoma Yasini ndani ya bajaji, na kutoka Chumbageni mpaka Bombo si safari ya kumfanya aimalize mara mbili. Ninachosema ni kwamba mgonjwa wa kiharusi asipewe kitu cha kunywa wala kula, iwe kombe, uji, au dawa, mpaka mtu anayejua ahakikishe anaweza kumeza. Misuli ya koo inaweza kuwa imepooza pamoja na mkono. Kilichompalia mjomba kilikuwa kinaelekea kwenye mapafu, na mapafu kweli yalimsumbua wiki mbili zilizofuata. Aspirini nayo asipewe nyumbani, maana kwa kumtazama tu huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka, aspirini inaongeza kuvuja. Kinachofaa ni kumlaza kwa ubavu, kulegeza nguo shingoni, kuangalia saa na kuikumbuka, na kuondoka.

Jinsi ya kuutambua ugonjwa wenyewe ilirahisishwa mwaka 1998, na inafurahisha kwamba ni Newcastle hukohuko, ambako madaktari walitengeneza kipimo cha wahudumu wa magari ya wagonjwa. Kina mambo matatu tu. Uso: mwambie atabasamu, je, upande mmoja unashuka? Mkono: mwambie anyanyue mikono yote miwili, je, mmoja unaanguka? Maneno: mwambie arudie sentensi rahisi, je, yanatoka yamevurugika au hayatoki kabisa? Moja likiwepo, na limekuja ghafla, hapo hapo hesabu muda na umpeleke hospitali. Kuna dalili nyingine za kuongeza: macho kupoteza kuona ghafla, kuyumba kama mlevi bila kileo, kichwa kuuma kwa namna ambayo hajawahi kuumwa maishani. Kwa kiswahili cha barazani: uso, mkono, maneno, saa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kushika hayo.

Kuna jambo la nne tulilolikosa, na hili ndilo linaloniuma kuliko lile kombe. Wiki moja kabla ya asubuhi ile, mjomba alidondosha tasbihi. Akajaribu kuiokota, vidole vikakataa. Akawa anamwita mjukuu wake kwa jina la kitu kingine, mara ndoo, mara kofia. Dakika kumi na tano baadaye alikuwa mzima kabisa. Tulicheka sana, yeye mwenyewe akacheka, tukamwambia uzee unabisha hodi. Kumbe kile nacho kilikuwa kiharusi, cha kupita. Mshipa umeziba kidogo, bonge likayeyuka, damu ikapita tena. Kinachofuata mara nyingi ni kikubwa, na siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Dalili zikipotea zenyewe, safari ya hospitali haifutwi. Yule mtu bado ana muda wa kuokolewa akiwa mzima, na muda huo hautakaa.

Nani basi yuko hatarini? Neno "vihatarishi" tunalolisikia kwenye redio lina historia fupi. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walianza kuufuatilia mji mdogo wa Framingham, mwaka hadi mwaka, waone nani anaumwa moyo na nani haumwi, na mwaka 1961 ndipo walipoanza kuandika juu ya mambo yanayomweka mtu hatarini kabla hajaumwa. Kabla ya hapo presha ilionekana na wengi kama sehemu ya kuzeeka tu. Rais wao mwenyewe, Franklin Roosevelt, alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108. Umma uliambiwa yuko salama kwa umri wake. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, akaanguka. Presha ilisoma 300 kwa 190, na akafa siku hiyohiyo. Wakati ule dawa nzuri hazikuwepo. Zilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1967 utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani ulithibitisha kwamba kushusha presha kali kunazuia viharusi. Rais wa dola kubwa alikufa kwa kukosa vidonge ambavyo leo viko duka la dawa la mtaani.

Presha ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na inatibika. Baada yake kuna kisukari, sigara, unene, lehemu nyingi kwenye damu, moyo unaopiga bila mpangilio, pombe kupita kiasi, na kukaa bila kutembea. Umri unaongeza, na kama mzazi au ndugu wa damu aliwahi kupatwa, ongeza tena. Mjamzito ambaye presha imepanda yuko hatarini. Mtoto mwenye selimundu yuko hatarini, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa wazee pekee.

Baada ya mjomba kurudi kutoka hospitali, binti yake alikuwa anapanga kabati akakuta kadi ya zahanati. Presha yake ilikuwa imeandikwa mara tatu katika miaka minne, na mara ya mwisho ilikuwa 190 kwa 110. Kulikuwa na mfuko wa vidonge umebaki nusu. Tulipomuuliza, kwa maneno yale machache aliyokuwa ameyapata tena, alijibu kwamba alikuwa anakunywa siku "presha ikipanda". Alijuaje imepanda? Kichwa kikimuuma. Lakini presha haina desturi ya kuuma. Kipimo cha mkanda wa mkononi kilichotengenezwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896 kilikuwa cha lazima kwa sababu hiyohiyo: mwili hautoi taarifa.

Mjomba aliishi miaka tisa baada ya pale. Mkono wa kulia haukurudi. Alijifunza kushika kikombe kwa kushoto, na maneno yake mengi yalirudi, ila jina la bibi lilimgomea mpaka bibi alipofariki, akawa anamwita "yule". Siwezi kusema kwamba tungewahi ingekuwa vingine. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo hutolewa ndani ya masaa manne na nusu, na baada ya picha ya kichwa kuonyesha hakuna kuvuja, bado ni adimu kwenye hospitali zetu. Lakini kupimwa sukari mapema, kuangaliwa kumeza, kushushwa homa, kusimamiwa presha, hayo yalikuwepo hata siku ile, na yote yalimsubiri siku mbili.

Mwezi uliopita nilipita duka la dawa kununua kitu kingine, nikaona mashine mezani, nikakaa. Nina miaka arobaini na tatu. Ikasoma 152 kwa 98. Yule dada wa dukani akasema nipumzike dakika tano anipime tena. Ikasoma 148 kwa 96, wakati mstari wa tahadhari ni 140 kwa 90. Akaniambia kipimo cha siku moja hakitoshi, nirudi siku nyingine, kisha niende hospitali na karatasi yangu mkononi.

Nilimjibu, na nikajisikia nikilijibu kwa sauti ya mjomba kabisa: "Lakini sijisikii kuumwa, dada."

Nimesharudi mara mbili. Namba haijashuka. Jumatatu naenda kumwona daktari, na nyumbani nimewafundisha wanangu mambo manne: uso, mkono, maneno, saa. Mdogo ana miaka minane na ndiye anayeyakumbuka kwa mpangilio.